Unga Huumuka, Mguu Huvimba

Katika wiki moja zilinipitia mezani sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mapishi: “Funika unga kwa kitambaa, uache uvimbe kwa saa moja.” Ya pili ilikuwa ya afya: “Mgonjwa aliamka akakuta uso umeumuka.” Zote mbili zinaeleweka, na mtu aliyekulia jikoni kwa bibi yake angezigunia zote mbili. Unga huumuka, uso huvimba. Nikavipangua vitenzi hivyo, nikampa kila mwandishi chake, kama mtu anayesuluhisha viatu vilivyobadilishwa mlangoni mwa msikiti, nikaona nimemaliza.

Mwandishi wa mapishi hakuona hivyo. Alinipigia simu akitaka kanuni, si amri. Nikamjibu harakaharaka: kitu kikikua kwa hewa, kimeumuka, kikikua kwa maji, damu, usaha au nyama, kimevimba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na puto je?” Puto halina kitu ndani ila hewa, na sijawahi kumsikia mtoto akilia kwamba puto lake halijaumuka. Kanuni yangu haikufika hata jioni. Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumweleza siku ile. Nawe ukiwa unaandika mapishi, habari za afya au za mifugo, huenda yakakuokoa na simu kama ile.

Anza na bakuli la vitumbua, maana hapo ndipo kuumuka kulipo nyumbani kwake. Mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa kwa tui zito, umetiwa sukari, iliki na hamira, kisha ukafunikwa. Baada ya muda funua utazame kabla hujakoroga. Uso wa ule uji umejaa viputo, vingine vikipasuka mbele ya macho yako na vingine vikizuka pembeni. Uji wenyewe umepanda. Ukiingiza mwiko unahisi umekuwa mwepesi, kama unakoroga kitu kilichopungua uzito ilhali kimeongezeka ukubwa. Hamira ni vijidudu hai. Vinakula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile inayofanya soda ikutekenye puani. Gesi hiyo haikusanyiki mahali pamoja. Inazaliwa kila mahali ndani ya uji, punje kwa punje, na kila punje inajitengenezea kijumba chake.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuumuka: viputo vingi, vidogo, vilivyotawanyika katika mwili mzima wa kitu. Kata boflo utaviona vijumba hivyo vimekauka vikabaki matundu. Mega kitumbua utaviona tena. Kilichoumuka kimebadilika chenyewe, ndani kote, kikawa sifongo.

Tofauti ya ngano na mchele inafaa kutajwa hapa, maana inaamua usemeje katika mapishi. Unga wa ngano ukikandwa hujenga utando wa kunata unaovutika na kuzishika zile gesi, kwa hiyo donge linaweza kufika mara mbili ya ukubwa wake, na maneno “uache uumuke hadi uwe maradufu” yana ukweli. Mchele hauna utando huo. Uji wa vitumbua unazishika gesi kwa uzito wake tu, basi hupanda kiasi, na ukicheleweshwa hushuka na kuanza kuchacha. Usimwambie msomaji asubiri uji wa vitumbua uwe maradufu; atasubiri mpaka uwe siki. Mwambie asubiri viputo.

Sasa weka karai la mafuta jikoni, kwa sababu hamri moja linahitaji vitenzi vyote viwili. Likiwa mezani, limekatwa pembetatu na kufunikwa, linaumuka. Likitumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto, linavimba. Hili si suala la ladha ya mwandishi. Ndani ya mafuta maji yaliyomo kwenye unga hugeuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo unausukuma upande wa juu utengane na wa chini, na ndani panabaki uwazi mmoja mkubwa, ule unaoujaza mbaazi za nazi asubuhi. Moto ule ule umekwisha kuiua hamira. Chapati ni ushahidi mzuri zaidi: haina hamira hata chembe, lakini juu ya kikaango inanyanyuka kama shavu la mpiga zumari. Ukiandika kwamba chapati imeumuka, umempa msomaji chakula kingine kabisa.

Hapo ndipo puto linapata jibu lake. Kuvimba hakuulizi ndani kuna nini. Kunauliza tu kama kitu kinasukumwa kutoka ndani mpaka ngozi yake, ganda lake au ukuta wake ukavutika. Kinachosukuma kinaweza kuwa maji: maharage yaliyolowekwa yamevimba, na mlango wa mbao wakati wa masika umevimba hata haufungi. Kinaweza kuwa damu chini ya ngozi ya paji la uso lililogonga kabati. Kinaweza kuwa hewa, kama kwenye puto. Au kopo la samaki: likiwa limetuna mfuniko na kitako, limevimba kwa gesi ya bakteria waliomo ndani, na hapo huhitaji kufungua ili unuse. Litupe. Baadhi ya bakteria hao wanatoa sumu isiyo na harufu. Pakiti ya maziwa iliyofura kama mto dukani ni jambo hilo hilo.

Nimeandika “iliyofura” makusudi. Ukiwaandikia watu wa Mombasa, Lamu au Kenya kwa jumla, kufura kunabeba mizigo mingi kwa pamoja: mguu umefura, mtu amefura kwa hasira, mahamri yamefura, na wapo wanaosema unga uachwe ufure. Mimi sifuti. Mpishi aliyekulia na neno hilo halimpotezei chochote, kwa sababu anajua kwa mkono wake ni kufura kupi. Ninachokataa ni kuchanganya: aya moja unga unafura, aya inayofuata unaumuka, ya tatu unavimba, kana kwamba ni unga wa aina tatu. Upande wa Tanzania nao, mguu mara nyingi “umejaa”, hasa mguu wa mjamzito, na hilo ni neno zuri kuliko lile la hospitali. Muulize mama kama miguu yake inajaa, atakujibu hapo hapo. Muulize kama ana uvimbe, atafikiri unamtafutia ugonjwa mwingine.

Na kweli nomino ndizo zinazouliza ndani kuna nini. Kitenzi kuvimba ni kimoja, lakini vilivyovimba vina majina kwa kadiri ya shehena yake. Maji maangavu chini ya ngozi, kama ya kuungua au ya kiatu kipya, ni lengelenge. Usaha, joto na maumivu ni jipu. Tezi iliyotuna kwenye kinena kwa sababu ya kidonda cha mguuni ni mtoki. Shingo iliyotuna mbele ni rovu, ambalo mara nyingi hutokana na mwili kukosa madini joto, na ndiyo sababu chumvi ya dukani inatiwa madini hayo. Uvimbe ni jina la jumla, la mtu ambaye bado hajajua. Daktari akiandika “uvimbe” anasema hajaamua; wewe ukiandika “uvimbe” ilhali ni lengelenge, umemtia msomaji hofu ya bure. Na uwe macho na herufi moja inayotenganisha rovu na povu. Nimewahi kusahihisha “povu la shingo”.

Povu lenyewe halina ugumu. Kiputo ni kimoja, unaweza kukihesabu na kukipasua. Povu ni jumla ya viputo visivyohesabika, vikiwa juu ya kitu. Neno “juu” ndilo la kushika. Sabuni ina povu juu ya maji, mawimbi yana povu juu ya mchanga, na chungu cha maharage kina povu mdomoni. Viputo vikiwa ndani, vimefungwa, hakuna povu. Kuna kitu kilichoumuka. Vijana wamelipeleka neno mbali zaidi, mtu akifoka mtandaoni anaambiwa anatokwa povu, na anayejionyesha mjini anaambiwa anavimba. Mtaani wameyagawa maneno haya sawasawa: mmoja kinamtoka juu, mwingine kinamsukuma ndani.

Tahajia. Kitenzi ni umuka, kwa hiyo kuumuka kuna u mbili mwanzoni na si makosa ya chapa: unga huumuka, haujaumuka, uache uumuke. Ukiona “kuumka” rudisha u iliyomezwa. Hamira inauumua unga, mpishi naye anauumua. Ukitaka kusema nani kasababisha, hilo ndilo umbo. Kwa kuvimba kuna kuvimbisha, na kuna kuvimbiwa ambako kumechukua njia yake: aliyevimbiwa ameshiba kupita kiasi, kwa pilau au kwa madaraka.

Kuna mtego mwingine ambao hauko jikoni. Kuumika si kuumuka. Kuumika ni kumpiga mtu chuku, yaani kumbandika pembe mgongoni na kufyonza, kazi ambayo siku hizi katika miji ya pwani inaitwa zaidi hijama na pembe imeachia nafasi vikombe vya plastiki na kioo. Pembe ikiondolewa, nyama mahali pale imeinuka duara. Ndiyo maana mtu anayesikia neno hilo kwa sikio moja huandika kwamba mgongo “umeumuka”. Mgongo umeumikwa, na sasa umevimba. Nalipenda neno chuku kwa sababu nyingine pia: mwanafunzi wa sekondari analijua kama tamathali ya usemi, kutia maneno ukubwa usiokuwapo. Pembe ile ile, ikifyonza kitu kidogo mpaka kikainuka.

Na ukidhani kila kinachoongezeka kitaangukia mojawapo ya vitenzi hivi, kumbuka bei. Kiswahili kilipotafuta jina la bei zinazopanda kwa jumla hakikuchagua uvimbe wala kuumuka. Kilichagua mfumuko, kutoka kufumuka, kama mshono. Aliyelibuni nadhani alikuwa na suruali iliyomwachia njiani.

Sasa kidole gumba. Hiki ndicho kifaa pekee ninachokupendekezea, kwa sababu kinafanya kazi kwenye unga na kwenye mguu, na majibu yake yanatofautiana.

Bonyeza donge la ngano lililofunikwa. Likirudi upesi likafuta alama yote, halijaumuka vya kutosha. Likirudi taratibu na kubakiza kishimo kidogo, ni tayari kwa kukatwa. Shimo likibaki lilivyo na donge likashusha pumzi, umechelewa; vijumba vimechoka kuta zake. Katika mapishi hiyo ni sentensi yenye faida kuliko “saa moja”, maana saa moja ya Dar es Salaam mwezi wa Januari si saa moja ya Njombe mwezi wa Julai.

Bonyeza mguu uliojaa, juu ya unyayo au kwenye mfupa wa ugoko, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki baada ya kuondoa kidole, kinachousukuma ni maji yaliyokaa kwenye nyama. Mama mjamzito ambaye uso na mikono imevimba ghafla, kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, asingoje siku ya kliniki; hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, naye apelekwe siku hiyo hiyo. Mguu mmoja tu uliovimba na kuuma nao haungoji.

Kwa mtoto mdogo, kidole kinaamua jambo kubwa zaidi. Mashimo yakibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo inahesabiwa kuwa dalili ya utapiamlo mkali, ule uitwao kwashiakoo. Daktari Cicely Williams aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alichapisha maelezo yake mwaka 1933, na jina alilolitumia baadaye lilitoka kwenye lugha ya Ga, lugha ya akina mama aliokuwa akiwatibu. Naleta habari hii kwa sababu ya neno. Mtoto mwenye kwashiakoo ana mashavu ya mviringo na miguu minene, na jirani anayepita humpongeza mama yake: mtoto kanenepa. Kunenepa ni nyama na mafuta. Huyu amevimba, na chini ya uvimbe huo amekonda. Mhudumu wa afya anayeandika kipeperushi hana haja ya neno la kigeni hapa. Anahitaji tu kuviweka vitenzi viwili hivi kimoja mbele ya kingine, hajanenepa, amevimba, kisha aeleze kidole kinabonyeza wapi.

Nimeuacha mfano mgumu mwisho kwa sababu ndio ulionifanya nijue kwamba hatimaye nimeielewa tofauti hii. Ni ng’ombe.

Mfungulie ng’ombe asubuhi, umande haujakauka, kwenye shamba la majani machanga ya jamii ya kunde, kama alfalfa, naye ana njaa. Baada ya muda utamwona ameacha kula, anahangaika, anapiga tumbo kwa mguu, na ubavu wake wa kushoto umepanda juu kuliko uti wa mgongo. Ukiupiga kwa vidole unalia kama ngoma. Mfugaji anasema ng’ombe amevimba tumbo, na amesema sawa: ukuta umesukumwa, ngozi imevutika.

Lakini ndani ya tumbo lile kubwa kuna jambo jingine. Siku zote majani yanapochachuka humo hutoa gesi nyingi, na ng’ombe huitoa kwa kubeua mchana kutwa bila sisi kutambua. Majani haya machanga yana protini zinazofanya kazi ya ule utando wa ngano: zinaishika gesi, punje kwa punje, kila punje kwenye kijumba chake, mpaka vyote vilivyomo vikawa kama uji wa vitumbua uliosahauliwa. Gesi iliyotawanyika namna hiyo haiwezi kubeuliwa. Hata ukimpitishia mpira kooni, kinachotoka ni kidogo, kwa sababu hakuna hewa ya kutoka; kuna sifongo. Kama gesi ingekuwa imekusanyika juu, mpira ungeitoa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo daktari wa mifugo akikuuliza kwa simu ng’ombe amekula nini, anataka kujua kama hii ni hewa iliyonaswa au ni majani yaliyoumuka, maana dawa zake ni mbili.

Ya pili, ya majani yaliyoumuka, ni mafuta. Mafuta ya kawaida ya kupikia, anyweshwe taratibu, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni, kisha atembezwe huku daktari akija. Mafuta yanazidhoofisha kuta za vile vijumba, viputo vinaungana, gesi inakusanyika juu, na ng’ombe anabeua. Ukiwa karibu naye utaijua.

Ng’ombe amevimba kwa sababu majani yameumuka. Sentensi hiyo nilimtumia mwandishi wangu wa mapishi, miezi kadhaa baada ya simu yake ya puto. Hakunipongeza. Aliuliza kama mafuta hayo hayo yangesaidia chungu cha maharage kinachofurika povu kila akikipa kisogo. Yanasaidia. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, na mfuniko uuache wazi kidogo.